TAHADHARI: Anayeuza "duara la treni na meli" kutoka Lubumbashi hadi Zanzibar

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi, Kolwezi na Kipushi: kuna mtu anauza kwa simu safari ya nchi tatu, treni na meli, kwa bei moja yenye kila kitu. Msimtumie pesa. Mimi nilimtumia dola 1,380 kwa ajili ya watu watatu, na zile tiketi alizonipa hazikutupatia hata kiti kimoja.

Jina lake silitaji. Ninayajua majina yake matatu na pengine hata moja si lake. Nitawaeleza bidhaa yake, maana majina anayabadilisha kila mara lakini bidhaa ni ile ile.

Kwanza mjue si kwamba sijawahi kutoka nyumbani. Nauza vitenge soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na njia ya Nakonde, mpakani mwa Zambia na Tanzania, naijua kama njia ya kisimani. Miaka kumi na moja nimepita Kasumbalesa kwa basi, nikalala Kapiri Mposhi, nikavuka Tunduma na mabelo yangu. Ila siku zote ni basi. Treni niliiona kwa dirishani tu, inapita kando ya barabara, nami nikasema iko siku.

Siku yenyewe aliileta mama. Ana miaka 67, baba yake alikuwa fundi wa reli hapa mjini tangu wakati wa Wabelgiji, na bahari hajawahi kuiona. Alikuwa akiniuliza, "Hii reli ya babu yako, ukiifuata tu, inaishia wapi?" Kwa hiyo mwezi wa sita 2024, nilipoona kwenye kundi la WhatsApp mtu anatangaza safari ya likizo, "Lubumbashi hadi Zanzibar kwa reli na maji, siku 14", nilimwandikia usiku ule ule.

Aliyonitumia ilikuwa duara zuri kama sinia. Treni kutoka gare yetu ya hapa (stesheni) hadi Ndola na Kapiri, huko Zambia. Pale unapanda TAZARA, treni ya reli ya Tanzania na Zambia, hadi Dar es Salaam. Meli hadi Zanzibar, siku tatu za kupumzika. Kurudi, treni mpya ya umeme kutoka Dar hadi Kigoma. Kigoma unapanda meli ya Liemba, unavuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie, upande wetu wa Kongo, na Kalemie treni hadi nyumbani, siku mbili. Katikati kuna mbuga za wanyama na milima, tena yote bila kushuka.

Kilichonimaliza ni kwamba karibu kila kipande cha duara hilo kipo kweli. TAZARA ipo, kilomita 1,860 kutoka Kapiri hadi Dar, Wachina waliijenga pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, na inapita kweli katikati ya hifadhi ambayo zamani ilikuwa Selous, abiria huona twiga na tembo wakiwa dirishani. Meli za Zanzibar zipo, saa mbili hivi umefika. Treni ya umeme ipo. Liemba ipo. Ukitafuta jambo moja moja kwenye intaneti utakuta ni la kweli, na moyo utatulia. Uongo hakuuweka kwenye reli, aliuweka kwenye viungo, pale treni moja inapomkabidhi abiria kwa nyingine. Huko sisi huwa hatuulizi.

Kiungo cha kwanza kilikuwa hapa hapa nyumbani, na ndicho kinachoniaibisha zaidi. Reli ya kupita Sakania hadi Ndola ipo tangu 1910, ndiyo iliyouzaa mji huu. Lakini inabeba mizigo. Nani kati yenu amewahi kumsindikiza mtu gare akapanda treni ya abiria kwenda Ndola? Hakuna. Nilijua hivyo, lakini niliposoma "huduma mpya" nikajiambia labda imeanza. Na hiyo ya kutoka Kalemie hadi hapa kwa siku mbili! Mtu wa Lubumbashi akiamini treni ya siku mbili kutoka Kalemie, mwacheni aibiwe tu. Mume wangu alicheka sana aliposoma, nami nikamnunia.

Cha pili ni Kigoma. Tulipokuwa tunapatana bei, treni ya umeme ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, Juni 14, na iliishia Morogoro. Dodoma ilifika Julai 25. Kigoma kulikuwa na reli ya zamani, ile nyembamba ya mita moja waliyoifikisha Wajerumani ziwani 1914, nayo ni safari nyingine kabisa, mwendo mwingine na tiketi nyingine. Yeye alituuzia Dar hadi Kigoma kwa umeme, saa kumi za safari.

Halafu Liemba. Alinitumia picha yake, mama akaipenda. Ni meli yenye historia ya ajabu kweli: iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Haya yote tapeli alinieleza kwa sauti, taratibu, kama mwalimu. Asichonieleza ni kwamba mwaka ule meli ilikuwa mikononi mwa mafundi, haibebi abiria. Na hata ilipokuwa ikitembea, njia yake ya kawaida ilikuwa Kigoma hadi Mpulungu huko Zambia, si Kalemie. Mke wa kaka yangu ana shangazi Kigoma. Simu moja tu ingetosha, nami sikuipiga.

Sasa pesa, msikilize vizuri. Hakuomba zote kwa mkupuo. Alianza na dola 600 "za kukamata vitanda", maana mwezi wa saba watu ni wengi. Wiki moja baadaye 480 za meli. Siku nne kabla ya kuondoka, 300 za hoteli ya Zanzibar. Kila mara namba nyingine, na kila mara jina linalotokea kwenye simu ni la mtu mwingine: "huyo ni karani wetu", "huyo ni dada wa kaisa" (anayepokea malipo). Nikisita, anatuma sauti, ananiita yaya, yaani dada: "Yaya, usiogope, byote biko tayari, ni weye tu tunangojea." Kundini walikuwepo wawili waliosema walishasafiri naye wakafurahi. Leo nikirudia kuzisoma jumbe zao, naona wote wawili wanakosea herufi zile zile anazokosea yeye.

Pia aliomba picha za pasipoti na kadi za njano za chanjo. Nilimpa. Ndiyo maana tiketi zilikuja na majina na namba zetu bila kosa, zina muhuri, zina nembo, na ndiyo maana niliziamini. Basi mjue kwamba huyu mtu anazo nakala za pasipoti za watu, zangu zikiwemo.

Usiku wa kuamkia safari akapiga simu: reli ya Sakania ina matengenezo, nendeni kwa basi hadi Kapiri, nauli nitawarudishia, tiketi za kuanzia pale ziko vile vile. Tukaenda. Mama, mimi, na mpwa wangu wa miaka 19 aliyekuja kubeba mizigo. Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, tukafika Kapiri Jumatano usiku. Asubuhi teksi ikatushusha stesheni isiyo yenyewe, maana Kapiri zipo mbili, ya reli ya Zambia na ya TAZARA, umbali wa kama kilomita mbili. Tukahamia kwenye lile jengo kubwa. Tulikuta kimya. Mfagizi mmoja, watoto wawili wanauza karanga, na foleni hakuna.

Mama wa dirisha la tiketi alizisoma zetu moja moja. Akavua miwani. Mimi Kibemba nakisikia, tukaelewana.

"Bamayo, leo ni Alhamisi. Treni ni kesho."

Nikamwambia pengine wamekosea siku tu.

"Na hiki chumba cha watu watatu mmekitoa wapi?"

Hapo ndipo miguu ilipolegea. Akanieleza kwa upole, huku mama amekaa nyuma yangu juu ya begi lake jipya. Wakati ule treni za abiria zilikuwa mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, Mukuba ile ya haraka na Kilimanjaro ile ya kawaida. Tiketi yetu ilisema Mukuba, Alhamisi. Mukuba, shaba yetu, hata jina lilinidanganya! Daraja la kwanza ni vyumba vya vitanda vinne, la pili ni vitanda sita. Cha vitatu hakipo. Na wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja ila mkinunua chumba kizima, vitanda vyote. Sisi tuliandikiwa "chumba cha familia, vitanda 3", mama, mimi na kijana wa kiume. Mtu ambaye angekuwa ameinunua tiketi hata mara moja tu pale dirishani asingeandika hivyo.

Nilipiga simu papo hapo. Iliita mara moja, kisha ikazimwa. Jioni picha yake ikatoweka, na kundini nikakuta nimeondolewa.

Tulilala Kapiri, na Ijumaa nikanunua mwenyewe pale dirishani, daraja la pili, mama na mimi chumba cha wanawake, kijana cha wanaume. Pesa iliyobaki ilitutosha hadi Mbeya na basi la kurudi. Mama hakulala. Alihesabu stesheni: Serenje, Mpika, Kasama. Mpika akaona karakana, akaniamsha kunionyesha, eti ndivyo babu alivyokuwa akisimulia. Tunduma tukasogeza saa mbele. Mbeya tukashuka, stesheni iko nje ya mji, tukala ugali (yeye alisisitiza kuuita bukari mbele ya mhudumu, naye akacheka), kesho yake tukageuza. Bahari bado hajaiona.

Niliporudi nilipeleka malalamiko kunakohusika. Niliambiwa pesa zilitolewa dakika chache baada ya kuingia, kwa mawakala tofauti, na kwamba niendelee kusubiri. Nasubiri.

Mpwa wangu ndiye aliyegundua jambo la mwisho, tukiwa tayari nyumbani. Ile picha ya "meli yetu ya Zanzibar" kwenye tangazo ina malori na bajaji juu yake, na ng'ambo inaonekana karibu kabisa. Hiyo ni pantoni ya Kigamboni, inayovusha watu mlango wa bandari ya Dar pale Magogoni kwa dakika chache. Na tiketi ya meli aliyonipa iliandikwa kwa shilingi, nauli ya mwenyeji, ilhali sisi wageni tuna nauli yetu tofauti na pasipoti inaangaliwa. Hata kama tungefika Dar, getini tungegeuzwa.

Kwa anayetaka kweli kwenda, njia ipo, nami nitaiendea tena na mama. Nunueni kila kipande kwa mwenye kipande, mkiwa mbele ya dirisha lake. Kabla ya kununua, pigeni simu stesheni ya kule mnakofikia na kuuliza siku za treni, msiulize yule anayewauzia. Na wekeni siku mbili tatu za akiba kati ya treni na meli. TAZARA huchelewa, hilo kila mtu wa Kapiri atakwambia. Na mipaka nayo ina mambo yake: sisi tulipita mwisho wa Julai, na Agosti Zambia ikafunga mpaka na sisi kwa siku kadhaa kwa ugomvi wa vinywaji vilivyozuiwa kuingia Katanga. Angekuwa na tiketi za kuunganishwa saa kwa saa, hata mkweli angekwama.

Nimeandika leo kwa sababu amerudi. Safari hii ana jina la kike, anauza "Lubumbashi hadi maporomoko ya Victoria kwa treni, bila kushuka", anataka dola 200 za kukamata kitanda, na anasema viti vya likizo vimebaki sita. Sauti zake hazitumi tena, anaandika tu. Lakini chini kabisa ya tangazo, kwenye picha za "wateja wetu waliofurahi", ameiacha ile pantoni ya Kigamboni.

Kama wewe pia ulimlipa, usifute jumbe wala sauti zake, hata kama zinakuchoma roho. Piga picha ya kila muamala ukionyesha namba na jina lililotokea. Tumeshajuana wanne, mmoja wa Kolwezi, na majina mawili ya waliopokea pesa zao ni yale yale yaliyotokea kwenye miamala yangu. Niandikie hapa chini, usiweke namba yako hadharani, nitakutafuta mimi.