Uzoefu wangu: miezi mitatu nikijifunza kwa picha za Aïda Muluneh

Kazi yangu ni picha za harusi, kitchen party na pasipoti. Nina chumba kimoja Tabata, flashi mbili, softboksi moja (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga wa flashi) na feni. Meikapu ninayoiona kila Jumamosi ni ya kumng'arisha bibi harusi: ngozi laini, nyusi zimekaa, mashavu yamechongoka. Kwa hiyo siku nilipokutana na picha ya mwanamke aliyepakwa rangi nyeupe uso mzima hadi shingoni, mikono myekundu kama ametoka kuchinja, nilibaki nimeduwaa. Nikaiacha, nikaendelea na albamu ya mteja. Usiku nikairudia, na kesho yake tena.

Picha ile ni ya Aïda Muluneh, mpiga picha wa Ethiopia, kutoka mfululizo wake uitwao 99 Series. Niliamua nimsome yeye peke yake kwa miezi mitatu, nisichanganye na mwingine. Naandika hapa nilichokipata, pamoja na rangi mbili za uso nilizonunua, maana nilipotafuta maelezo kama haya kwa Kiswahili sikuyaona.

Kwa ufupi, kwa asiyemjua: alizaliwa Addis Ababa mwaka 1974, akaondoka mdogo, familia ikapita nchi kadhaa mpaka Kanada. Alihitimu Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 2000, akafanya kazi ya picha za habari katika gazeti la Washington Post. Mwaka 2007 alipata tuzo ya Umoja wa Ulaya kwenye maonyesho ya picha ya Bamako, Mali. Baadaye akiwa amerudi nyumbani alianzisha tamasha la picha la Addis Foto Fest, mwaka 2010. Mwaka 2018 kazi zake zilionyeshwa MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Hilo la picha za habari lilinipa moyo kuliko yote, kwa sababu lina maana kwamba alianza kwa kufukuzia matukio barabarani kama sisi, ndipo akaja kutengeneza dunia yake mwenyewe kwa brashi na kitambaa.

Wiki tatu za kwanza sikugusa kamera. Nilichukua daftari, nikawa naangalia picha moja kwa siku na kuandika rangi ninazoziona. Jaribu na wewe, utashangaa. Ukitazama haraka unadhani kuna rangi kibao. Ukihesabu unakuta tatu, mara chache nne. Nyekundu, bluu, njano, nyeupe. Yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba michoro ya kuta za makanisa ya kale ya Ethiopia imo ndani ya kazi zake, na ukishalijua hilo unaliona kila mahali: rangi zimekaa bapa bila kufifia kidogokidogo, macho yanakutazama wewe moja kwa moja, mtu amesimama kama amepewa ujumbe wa kuufikisha.

Hapo ndipo nilipoielewa ile meikapu. Ya harusi inamfanya mtu aonekane yeye, ila amependeza. Hii ya Muluneh inamwondolea mtu jina. Ukishapaka uso mzima rangi moja, huwezi tena kuuliza huyu ni nani, ana miaka mingapi, wa kabila gani. Kinachobaki ni macho, namna shingo ilivyosimama, na mikono inafanya nini. Ndiyo maana mikono katika picha zake ina kazi kubwa. Mimi miaka tisa nimekuwa nikiwaambia watu "weka mikono popote", na sasa kila nikikumbuka inaniuma.

Kisha nikamwita mdogo wangu. Yeye ni fundi cherehani, ana subira, na uso wake umetulia.

Rangi ya kwanza niliinunua mtandaoni, duka silitaji. Sh 18,000, tyubu nne, imeandikwa ya ngozi lakini haina orodha ya vilivyomo. Ningepaswa kuishia hapohapo. Nilimpaka nyeupe, na dakika kumi hazikufika akasema, "Kaka, uso unanivuta." Nikamwambia avumilie kidogo, jambo ambalo sitalirudia kwa mtu yeyote. Alipotabasamu tu, rangi ikapasuka pembeni mwa mdomo kama tope la bwawa lililokauka, na chini ya taya akaanza kuwashwa. Tukaosha haraka. Vipele vikakaa siku mbili. Niliomba nirudishiwe hela, wakakataa kwa sababu tyubu imeshafunguliwa. Hela si kitu. Nilichojilaumu ni kutoijaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, subiri saa 24, ndipo upeleke usoni. Na kamwe usitumie rangi za shule wala za kuchorea mabango, hata ukiambiwa hazina sumu. Hazikutengenezwa kukaa kwenye ngozi.

Ya pili ni ile kavu, ya keki kwenye kikopo, unayoiamsha kwa maji. Nyeupe peke yake ilinigharimu Sh 65,000 kwa duka la vipodozi Kariakoo, na muuzaji, dada mmoja mwenye kuijua kazi yake, alinionyesha palepale juu ya mkono wake. Sponji ilowe, halafu uikamue mpaka karibu ikauke. Unagonga, huburuti. Tabaka la kwanza jembamba, ngozi bado inaonekana kwa chini. Acha likauke kabisa mbele ya feni. Ndipo la pili. Tabaka moja nene ndilo linalopasuka. Kwa ngozi nyeusi kama yetu mtu anashawishika kupaka kwa wingi ili weupe utokee mara moja. Usifanye hivyo. Rangi hii naipa alama nzuri: imekaa zaidi ya saa moja kwenye joto la Dar, haikuwasha, ilitoka kwa mafuta ya nazi na baadaye sabuni ya kawaida. Kasoro yake ni jasho. Tone likishuka kutoka kwenye nywele linaacha mfereji, na kiraka utakachoziba kinaonekana.

Kuna jambo moja dogo ambalo hakuna aliyeniambia. Kope. Nilipiga picha 40 nikidhani nimemaliza, nikazifungua kwenye skrini kubwa: juu ya kila jicho kuna mstari mwembamba wa ngozi ya kahawia, pale rangi ilipokunjwa wakati jicho liko wazi. Mstari mmoja ule unabomoa kila kitu, kwa sababu uso unageuka kuwa mtu aliyepakwa rangi badala ya kuwa sura nzima. Dawa yake: afumbe macho, uvute nyusi juu taratibu kwa kidole, upake kope na brashi ndogo ukiacha nafasi kwenye mizizi ya nywele za kope, akae amefumba mpaka ikauke. Hakikisha pia rangi yako inaruhusiwa kutumika karibu na macho; siyo zote. Kagua na nyuma ya masikio, tundu za pua na ukingo wa ndani wa midomo.

Upande wa mwanga, uso mweupe unaidanganya kamera. Ukiiachia ijipimie, uso unaungua, yaani unatoka mweupe mtupu kwenye picha, lile umbo la pua na shavu linapotea. Mimi nilimaliza na mipangilio ya kamera ya ISO 100, f/8, 1/160, flashi moja ndani ya softboksi, nikipunguza nguvu mpaka sehemu zilizoungua kwenye picha ya uso zikaisha. Na mweke mita mbili mbele ya ukuta. Mara ya kwanza nilimkaribisha mno kwenye kitambaa chekundu, shavu lote likawa na wekundu usioelezeka.

Nilipozoea, nikaenda kwenye mfululizo wake ninaoupenda kuliko yote, Water Life wa mwaka 2018. Ni picha 12 alizoombwa na shirika la WaterAid, akazipiga Dallol, jimbo la Afar nchini Ethiopia, chini ya usawa wa bahari, sehemu miongoni mwa zenye joto kali kabisa duniani. Habari ni ya wanawake na maji: kubeba, kutembea, kusubiri. Nikiwaza chumba changu na feni yangu, halafu rangi ya uso kwenye jua la Dallol, heshima yangu kwake na kwa watu aliofanya nao kazi inazidi.

Sikutaka kunakili. Nikauliza kwetu maji yana sura gani, nikachora kwanza kwenye daftari, kama yeye anavyochora kabla ya kupiga. Uso wa bluu, gauni jekundu alilolishona mdogo wangu mwenyewe, dumu la njano la lita 20. Yeye ndiye aliyebadilisha mchoro. Alisema, "Kaka, dumu likiwa tupu hatulibebi hivi." Akalishika kwa vidole viwili, likining'inia, bega limeshuka. Picha ni ile.

Kama wewe ni mpiga picha wa sherehe na unahisi picha zako zote zimefanana, nakushauri njia hii. Jumla ilinitoka kama Sh 140,000, sehemu kubwa rangi na kitambaa. Kama unatafuta vipodozi vya kupendezesha mteja, hapa hutavipata, na wateja wangu wawili niliowaonyesha walisema hawataki.

Mama naye mwanzoni alinung'unika, akauliza kwa nini namfanya mwanawe kama pepo. Siku aliyoiona ile ya dumu alikaa nayo muda mrefu. Akaanza kunieleza jinsi bibi yake Unguja alivyokuwa akisaga liwa kwenye jiwe, akijipaka usoni, anashinda nayo ndani na hakuna aliyemsemesha mpaka aioshe. Kikopo cha nyeupe kimebaki cha kutosha nyuso mbili. Mmoja nimemwahidi yeye.