Mafunzo ya Right To Be: yanatosha kwa abiria wa matatu?

Right To Be, shirika lililoanza New York mwaka 2005 likiitwa Hollaback!, linafundisha bure mtandaoni mbinu tano za kumsaidia anayedhalilishwa hadharani: kuvuruga tukio, kuomba msaada, kurekodi, kumjulia hali baadaye na kukemea waziwazi.

Kuvuruga ndiyo mbinu bora zaidi ndani ya matatu. Usiongee na msumbufu hata kidogo. Mgeukie dada anayetukanwa kwa sababu ya sketi yake: "Samahani, hii inapitia Roysambu?" Mazungumzo yanakatika, naye anapata mtu wa kukaa karibu naye.

Kuhusu kurekodi, mafunzo yana msimamo sahihi kabisa. Hakikisha kwanza kuna anayemsaidia, taja tarehe na mahali kwenye video, kisha mwachie aliyedhalilishwa aamue itumikeje. Ukiirusha mtandaoni bila idhini yake, umemdhalilisha mara ya pili.

Kukemea kuwe kwa sentensi moja, "Mwache, hataki," halafu umrudie aliyeumizwa. Ukibishana, hasira hupanda na yeye husahaulika.

Pengo ni kwenye kuomba msaada. Makanga mara nyingi ndiye msumbufu mwenyewe, kwa hiyo mwendee dereva au abiria wengine, na uandike namba ya gari na jina la sacco, yaani ushirika unaosimamia gari hilo. Kumvua mtu nguo kwa nguvu Kenya ni kosa la jinai chini ya kifungu 251A cha Kanuni ya Adhabu (Penal Code), kilichoongezwa mwaka 2014. Namba 1195, ya msaada kuhusu ukatili wa kijinsia, hupigwa bure.