Kulala hoteli ya familia Naxos, Ugiriki: uzoefu wangu na mama

Kama unataka kuona visiwa vya Ugiriki na pesa yako ni ya kuhesabu, nenda Naxos, na ukifika Naxos lala kwenye nyumba ya familia. Nasema hivyo baada ya kukaa huko mwanzoni mwa Juni na mama yangu, aliyekuja kunitembelea Ujerumani kutoka Tanga, pamoja na binti yangu mdogo. Jina la hoteli silitaji kwa sababu nitaeleza na kasoro zake, lakini hoteli za namna hii zimejaa nyuma ya ufukwe wa Agios Georgios, na nyingi zina mpango ule ule: baba anapokea wageni, mke ana jiko na usafi, kijana wao anajibu meseji, bibi anakaa mlangoni.

Kufika kwanza. Wengi wanaingia Naxos kwa meli kutoka Piraeus, bandari ya Athens, na tangu Oktoba 2022 metro inakutoa uwanja wa ndege wa Athens moja kwa moja mpaka Piraeus bila kubadilisha treni. Meli kubwa inayobeba magari huchukua saa tano na zaidi kidogo, inagusa kisiwa cha Paros kabla. Kama umeongozana na mtu mzima, chukua hiyo. Boti za kasi zinawahi, ila abiria mnafungiwa ndani, na bahari ikichafuka mtatapika. Viza ya mama ya Schengen ilitolewa na Ujerumani, na Ugiriki inakubalika kama ilivyo.

Mwenye nyumba alitungoja gatini na gari lake la mizigo, jina langu kaliandika kwenye kipande cha boksi. Hakutoza kitu. Kwa miguu ni mwendo wa robo saa hivi, lakini na mabegi na mtoto, ile ilikuwa heri kubwa.

Chumba chenyewe ni kidogo. Vitanda vitatu, kabati moja, friji ndogo, jiko la umeme la plati mbili, sufuria mbili na kikaango, na kibaraza chenye kamba ya kuanikia nguo. Shuka safi, sakafu inang'aa, kila siku inapigwa deki. Magodoro magumu. Kuta nyembamba, jirani akikohoa unasikia, na pikipiki zinapita mpaka usiku. Kiyoyozi kipo, kinapuliza taratibu kama mzee anayepoza chai, ila Juni tulifungua dirisha tu, upepo wa bahari ukatosha.

Bafu na choo nitavieleza kwa kirefu kwa sababu watu wengi hawaambiwi. Karatasi ya chooni haitumbukizwi chooni, inawekwa kwenye pipa la pembeni, maana mabomba ya visiwa hivi ni membamba na yanaziba upesi. Pipa lilimwagwa kila asubuhi bila kukumbushwa. Sisi tunaotumia maji tujue kuwa hakuna mpira wala kopo. Mama alitoka nalo kopo lake Tanga, na alifanya vizuri. Maji ya moto yanatokana na jua, tangi liko juu ya paa, kwa hiyo anayeoga saa nne usiku baada ya wenzake wote atapata ya uvuguvugu. Bafu ni finyu na pazia lake linakung'ang'ania mwilini. Kwa anayeswali, kibla ni kusini-mashariki, na nafasi ya mswala inapatikana ukisogeza kiti.

Hoteli haina lifti, na chumba tulichopewa kilikuwa ghorofa ya pili. Mama ana magoti mabovu. Alipanda ngazi mara moja, akasimama katikati akashika ukuta. Mwenye nyumba alimwona kutoka chini. Hakuna aliyelalamika, wala sikufungua mdomo. Jioni ile ile mke wake na kijana wao walihamisha wageni wawili vijana waliokuwa chini, kwa kuwaomba, wakatandika upya, wakabeba mabegi yetu wenyewe. Bei haikupanda. Nimewahi kulala hoteli za gharama kubwa zaidi ambako ombi kama hilo lingeishia kwenye fomu na jibu la kesho yake. Ndiyo maana nasisitiza nyumba ya familia: anayekuona ukihangaika ndiye mwenye uamuzi.

Halafu kuna habari ya pweza. Asubuhi ya pili mama alitoka nje akaniita kwa sauti: "Mwanangu, njoo uone, wameanika pweza kama nguo!" Kweli, nje ya jiko kulikuwa na kamba kati ya nguzo mbili, na pweza wanne wamening'inia, mikono imenyooka, jua na upepo vinawakausha. Mama akamwendea mke wa mwenye nyumba. Hawana lugha moja hata neno, lakini mama alikunja ngumi akaonyesha anavyopigwa pweza kwetu mpaka alainike. Yule mama akacheka, akashika kitambaa chenye maji akakibwaga kwenye ngazi ya jiwe, pa, pa, pa, kuonyesha wao wanavyopiga. Kuanzia hapo mama hakukaa tena chumbani. Mchana alikuwa jikoni na wenzake, anachambua mboga na yule bibi wa mlangoni, ambaye binti yangu alikuwa akimwamkia "shikamoo" kila asubuhi na kupakatwa kwa jibu.

Pweza yule alichomwa jioni kwenye mkaa, akakatwa vipande, akamiminiwa mafuta ya zeituni na ndimu, na oregano kavu juu. Nje ameungua kidogo, ndani laini. Mama, ambaye kwake pweza bila tui la nazi ni kazi nusu, alimaliza sahani na akaomba nyingine. Sahani ya pili hatukuandikiwa kwenye bili.

Bahari ya pale mtu wa pwani ya kwetu inabidi aizoee. Haipwi. Mama aliamka mapema akitaka kuona maji yamekwenda wapi, akayakuta pale pale alipoyaacha jana, na siku zote yakabaki hivyo, maana Mediterania kujaa na kupwa kwake ni kudogo mno. Kwetu wanawake wanakwenda kuchokoa pweza miambani maji yakitoka, huko inabidi kupiga mbizi au kutega. Juni maji bado ni baridi kwa ngozi ya Tanga, lakini Agios Georgios ni mchanga na kina ni kifupi mpaka mbali sana, kwa hiyo binti yangu alicheza na mimi nikakaa roho imetulia. Ukitaka ufukwe mpana zaidi, basi la KTEL linapita Agios Prokopios, Agia Anna mpaka Plaka, na nauli yake ni ndogo.

Chakula cha nje: nyama ya gyros mara nyingi ni nguruwe, uliza ya kuku kabla hawajakufungia kwenye mkate. Viazi vya Naxos vina sifa Ugiriki nzima na vinastahili, hasa vya kukaanga kwenye mafuta ya zeituni. Jibini lao la graviera tulikula na mkate kila asubuhi, kwa kuwa kifungua kinywa hakimo kwenye bei. Jioni tulitembea mpaka Portara, ule mlango mkubwa wa marumaru wa hekalu la Apollo lililoanzishwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizwa. Hakuna kiingilio, na njia inafikika hata kwa mwenye magoti ukienda pole pole.

Siku ya kuondoka upepo wa kaskazini ulichachamaa na boti yetu ya kasi ya kurudi ikafutwa. Mwenye nyumba alisikia kabla yetu. Alipiga simu kwa wakala, akatuhamishia meli kubwa ya jioni, akatuachia chumba mpaka saa ya kwenda bandarini bila malipo ya ziada. Julai na Agosti upepo huo, meltemi, ni mkali zaidi, kwa hiyo usipange ndege ya kutoka Athens siku ile ile unayotoka kisiwani.

Kuhusu pesa: chumba cha watu watatu hakikufika Euro 70 kwa usiku. Kijana wao aliniambia Agosti kinakaribia mara mbili. Kuna pia ada ya serikali kwa ajili ya tabianchi, ambayo kwa hoteli za nyota moja na mbili ilikuwa Euro 2 kwa chumba kila usiku, Aprili hadi Oktoba, kwa viwango vya 2025. Hiyo unailipa palepale, juu ya bei uliyoiona mtandaoni, na wengi wanapenda taslimu.

Anayetaka bwawa la kuogelea, lifti, ukimya wa usiku na mtu wa kumletea chakula chumbani asiende, atachukia. Ninyi wengine waandikieni wenye nyumba moja kwa moja, mseme mapema kama mna mzee au mtoto mchanga na mnahitaji chumba cha chini, kwa sababu vya chini ni viwili vitatu tu. Nyingi za nyumba hizi hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa karibu na Pasaka yao, kwa hiyo kwa safari ya Juni meseji ya Machi inatosha, na ya Agosti iandikwe mapema zaidi ya hapo.