Kununua kranberi za kugandishwa kwa jumla ukiwa Lubumbashi

Kranberi, tunda dogo jekundu lenye uchachu, haioti Katanga. Mtu akikuambia shemeji yake anailima Kipushi, funga makuta yako mfukoni. Tunda hili linataka udongo wa kinamasi wenye uchachu na majira ya baridi kali: Wisconsin, inakotoka zaidi ya nusu ya mavuno ya Marekani, kisha Massachusetts, Quebec ya Kanada, na kusini mwa Chile. Kaskazini wanavuna Septemba hadi Novemba, na sehemu kubwa inaenda moja kwa moja kugandishwa au kukamuliwa. Hadi ifike kwetu, imelipiwa baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri baharini, Afrika Kusini, Zambia, na foleni ya Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Kwa hiyo nimepanga chaguo za kununua kwa kuangalia kwanza umeme wa mnunuzi. Bei ya karatoni inafuata nyuma.

Mimi natengeneza jamu na mchuzi wa kulia nyama, wateja wangu ni mahoteli na kantini za migodi. Kwa kazi ya namna hiyo, namba moja ni kranberi nzima zilizogandishwa moja moja (kwenye karatoni utaona herufi IQF), kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Johannesburg. Kamioni za baridi zinazotuletea kuku na samaki zinapanda kila wiki. Kodi nafasi humo, mchangie watu watatu au wanne. Karatoni za Marekani huwa na kilo 11.34 au 18.14, maana wao wanahesabu pauni 25 na 40. Za Ulaya mara nyingi ni kilo 10. Usilinganishe bei kabla ya kuzigeuza zote kuwa kilo, halafu ongeza usafiri, duane (ushuru wa forodha) na malipo ya OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, ugawe kwa kilo zilizofika zikiwa nzima.

Hilo neno "nzima" nalijua kwa machungu. Mzigo wangu wa kwanza ulilala mpakani siku nne. Nilipofungua karatoni ya juu, mfuko ulitoka kama tofali, na chini yake barafu nyekundu imeshikana na plastiki. Dereva aliniangalia akasema, "Mama, mazutu (dizeli) ilikuwa inaisha, nikawa nazima mashini ya baridi usiku." Alisema ukweli, lakini karatasi nilikuwa nimeshasaini.

Sasa nafanya hivi. Kifaa kidogo cha kurekodi joto kinasafiri katikati ya mzigo, na mkataba unasema kikionyesha joto limepanda kupita nyuzi 12 chini ya sifuri, sipokei. Kabla kalamu haijagusa karatasi, natoa karatoni tatu: ya mlangoni, ya katikati, ya nyuma kabisa. Natikisa. Kranberi iliyobaki na baridi yake inalia kama maharage makavu kwenye ungo. Ikikaa kimya, imeyeyuka mahali fulani njiani ikagandishwa tena, na kwenye sufuria itakuwa uji.

Nyumbani, friji ya kugandishia iliyojaa na isiyofunguliwa inashika baridi kama saa 48 SNEL, shirika la umeme, wakikata. Iliyojaa nusu, saa 24. Ukikaa Katuba au Kenya, komini zetu za hapa mjini, unajua saa hizo zinaisha vipi. Kama huna jenereta, ruka namba moja.

Namba mbili ni juisi nzito, konsantre, ya Brix 50 (Brix ni kipimo cha sukari kwenye juisi), inayouzwa kwa ndoo na mapipa. Kwa mtengeneza vinywaji ningeiweka juu kabisa. Piga hesabu: lita moja ya konsantre inatoa karibu lita 8 za juisi kamili ya Brix 7.5, na kinywaji chenye robo tu ya juisi kinafika lita 30 na zaidi. Yaani unasafirisha maji kidogo sana, na maji ya kuongeza yako kwako. Uliza kama imefungwa bila vijidudu au inahitaji kugandishwa, kwa sababu ziko za aina zote mbili, na wauzaji wengine wanajibu haraka kuliko wanavyojua.

Tatu, zilizokaushwa. Hazitaki baridi, zinafaa mkate, keki na biskuti, na waokaji wanaweza kuishia hapo. Ila soma mfuko: kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito ni sukari. Jamu yake haina ladha, nimejaribu.

Kontena zima la baridi kutoka Marekani au Chile, kupitia Durban au Dar es Salaam, ni la mwenye chumba cha baridi cha tani ishirini na wateja wa mwaka mzima. Simjui mtu wa hivyo mjini kwa tunda hili. Na vile vifuko vidogo vya supamaketi ni vya kujaribia mapishi tu.

Wenye yaurti wanisikilize hapa. Baridi haiui virusi. Mwaka 2012 Ujerumani, watu karibu 11,000, wengi wao watoto wa shule, waliugua norovirusi kutokana na stroberi zilizogandishwa. Dai cheti cha uchambuzi cha kila loti, na hata ukikipata, chemsha tunda kabla ya kulichanganya. Uiweke motoni ikiwa bado imeganda, usiiyeyushe. Itapasuka yenyewe na pektini yake itashika jamu bila kuongeza kitu. Lakini uchachu wake ni mkali, pH karibu 2.5, unakula aliminiamu na shaba. Katika mji huu wa shaba, tafuta sufuria ya inoksi, chuma kisichoshika kutu.

Kama mteja anataka wekundu na uchachu tu, mwonjeshe bisapu kwanza, yale maua mekundu ya kutengenezea kinywaji. Ni ndugu wa ngai-ngai, mboga yetu ya majani machachu, inakaa kavu kwenye gunia, na haimjui deklara (wakala wa forodha) yeyote wa Kasumbalesa.

Jambo la mwisho ni jina. Kwa Kifaransa utaandikiwa canneberge, lakini wengine wanaandika airelle, ambayo mara nyingi ni tunda jingine la Ulaya, dogo zaidi. Kwenye oda yangu naandika jina lake la kisayansi, Vaccinium macrocarpon, na muuzaji akiuliza hilo ni nini, natafuta mwingine.