TAHADHARI: Wanaouza "namba ya ofisi ya 022" kwa bei ya kutupa hapa Dar

Wenye maduka ya jumla, kliniki, mawakala wa forodha na ofisi ndogondogo za Dar es Salaam, someni hii kabla hamjalipa mtu. Kuna jamaa anazunguka Kariakoo, Ilala na Posta akiuza simu za intaneti. Kavaa vizuri, ana kishikwambi kimejaa picha za ofisi alizofunga, na ofa yake tamu kweli: namba ya mezani ya 022, simu nne za mezani, kupiga mitandao yote bila kikomo, na ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo unapata punguzo la nusu. Jina silitaji. Kampuni anayotumia inabadilika jina kila msimu, kwa hiyo jina la leo halitamsaidia mtu kesho. Jueni anavyofanya kazi, hilo ndilo la maana.

Mimi ni fundi wa mitandao. Huwa naitwa yeye akishaondoka.

Duka moja la vipuri Kariakoo waliniita wakisema wateja hawapokei simu zao. Unapiga kutoka kaunta, kwa mteja inatokea namba ya mkononi asiyoijua. Unapiga tena, inatokea nyingine. Na zama hizi za "ile hela tuma kwenye namba hii", nani anahangaika na namba ngeni? Nikafungua kabati la ruta, juu ya friji ya soda. Nyuma kabisa kuna kisanduku cheusi chenye antena nne, na kila tundu lina laini ya kawaida ya mkononi. Mafundi tunakiita simbox. Simu ya kaunta inaingia pale kwa intaneti, inatokea upande wa pili kwa laini ya kifurushi. Hiyo ndiyo "bila kikomo" aliyowauzia. Dakika zikiisha, mnakaa kimya hadi akumbuke kununua nyingine.

Hapo bado hatujafika kwenye ubaya wenyewe. Kisanduku kilikuwa kinawaka taa usiku, duka limefungwa. Kifaa cha aina hiyo kinaweza kupitisha simu za watu wengine kabisa: mtu yuko nje ya nchi anapiga Tanzania, simu inakuja kwa intaneti hadi dukani kwako, inatoka kama simu ya ndani, na ada halali ya simu za kimataifa hailipwi. Ni kosa, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina mtambo wa kuhakiki mawasiliano, TTMS, ambao kazi yake mojawapo ni kuwanasa wa namna hiyo. Sasa umeme ni wako, intaneti ni yako, kabati ni lako. Wakija, watamkuta nani?

Na laini zile zimesajiliwa kwa jina la nani? Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, laini haiendi hewani bila NIDA ya mtu. Siku ya kufunga, vijana wake walikuja na mashine, wakamwambia dada wa mapokezi aweke kidole "kusajili namba ya ofisi". Akaweka, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu eti mashine ilikuwa inakataa. Kama kuna aliyeweka kidole ofisini kwenu, apige *106# leo hii aangalie laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yake.

Kumjua jamaa ni rahisi. Mwambie apige simu yako ya mkononi kwa mfumo anaouza, mbele yako, kisha arudie. Inatakiwa itokee namba ile ile ya 022 kila mara. Ikitokea 07 au 06, msindikize mlangoni.

Sasa hiyo 022 yenyewe. Namba ipo kweli, ila kaichukua kwa jina lake kutoka kampuni yenye leseni, kisha anaielekeza kwako kwa simu zinazoingia. Mmeshaichapa kwenye bango, kwenye mhuri, kwenye ankara na kwenye gari la mizigo. Akiacha kulipa inakufa, na ukienda kwa kampuni husika wanakuambia kwa upole kabisa kwamba mkataba si wako. Wengine hujipa moyo kwamba watahama nayo. Ile huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Machi 2017, ni ya simu za mkononi. Kwa hiyo kabla hamjazungumza bei, uliza namba itaandikwa kwa jina la nani, na jibu lionekane kwenye mkataba, jina la kampuni yako kama lilivyo BRELA, kwa msajili wa kampuni. Leseni usiridhike na karatasi aliyoitundika ukutani. TCRA wana orodha ya wenye leseni, tafuta jina humo wewe mwenyewe. Risiti ya EFD pia: asiyeweza kuitoa ana sababu yake.

Wizi wa usiku nao upo. Ofisi nyingine niliyokwenda, mfumo wa simu ulikuwa umeachwa wazi kwenye intaneti, mlango namba 5060, ule wa kawaida wa simu za intaneti, ambao kila mwizi wa dunia anaujua, na simu ya ndani namba 101 ina neno la siri 101. Wezi wana programu zinazozunguka mtandaoni zikijaribu vitu kama hivyo mchana na usiku. Wakiingia wanasubiri Ijumaa jioni, wanapiga mfululizo namba za nje zenye tozo kubwa ambazo wao wenyewe wanapata mgao. Jumatatu bili ipo mezani, na jamaa anasema "ni matumizi yenu". Mtoa huduma wa kweli anakufungia nchi zote usizopiga, anakuwekea kikomo cha fedha kwa siku, na kikifikiwa simu za nje zinakatika zenyewe. Ukimuuliza habari hizi akababaika, basi.

Malalamiko ya sauti kukatika yeye ana jibu moja: "intaneti yenu ndogo." Msikubali kirahisi. Simu moja kwa G.711, mfumo wa kawaida wa kusafirisha sauti, inakula takribani kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu kumi kwa pamoja hazifiki megabiti moja. Mara nyingi tatizo ni vipande vya sauti kupotea au kuchelewa njiani: sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu wanaanza kukatizana maneno. Muulize seva, yaani kompyuta inayounganisha simu zenu, iko wapi. Ikiwa Ulaya, basi simu ya Ilala kwenda Temeke inavuka bahari kwenda na kurudi. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika? Mwenye seva hapa Dar alikuwa na nafasi ya kuendelea kuongea na wateja wa hapa hapa.

Umeme nitasema kwa kifupi: simu ya zamani ya waya ililetewa umeme na waya wenyewe kutoka kwenye kituo cha simu, hizi hazina hiyo. TANESCO wakikata na huna UPS, ile betri ya akiba, ya ruta na swichi, ofisi nzima imezimika.

Mimi ningelipa mwezi kwa mwezi, nianze na simu moja mapokezi, na Jumamosi usiku nipige namba yao ya msaada nione kama kuna binadamu anapokea.

Kama tayari kisanduku kipo kwako, usikitupe wala usimpe jamaa akija "kukifanyia matengenezo". Chomoa umeme, piga picha kisanduku na ile namba ndefu iliyochapwa kwenye kila laini, weka pamoja mkataba, meseji zake na miamala ya malipo. Aliyeweka kidole aende polisi achukue RB, namba ya taarifa, kwa jina lake mwenyewe, kisha mwende wote TCRA, Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma. Wateja watumieni namba mpya siku hiyo hiyo, maana ya zamani bado iko mikononi mwake na anaweza kuipokea.