Xiao Yao Wan kwa siku 16: tumbo limetulia, hasira bado naziangalia

Daktari wa tiba ya asili ya Kichina aliposema ini langu limebanwa na ndilo linalosumbua tumbo, mkalimani alinitazama kama anayeniomba radhi. Mimi nikacheka. Kwetu mtu akiumizwa na maneno si husema amekatwa maini? Nilimwelewa vizuri tu.

Nilikuwa Guangzhou, China, kufuata mzigo. Kiwanda kimechelewesha, wateja Kariakoo wanapiga simu usiku na mchana, na mimi kila nikila tumbo linajaa gesi kama ngoma. Leo naharisha, kesho choo hakipatikani. Hasira nazo zilikuwa karibu: nilimfokea binti wa mapokezi kwa sababu ya taulo.

Daktari alishika mapigo kwenye mikono yote miwili, akatazama ulimi (pembeni ulikuwa na alama za meno), akaandika Xiao Yao Wan, vidonge vya mitishamba. Kwao ini ndilo linalosukuma nguvu ya mwili itiririke bila kukwama, na bandama ndiyo inayosimamia chakula. Mawazo yakizidi, ini hukaza na kuionea bandama. Hili si lile ini la kupimwa hospitalini, kwa hiyo usikimbilie kupima homa ya ini kwa maneno haya.

Ni fomula ya enzi ya Song, ukoo wa wafalme wa China ya kale, ina zaidi ya miaka 800. Ndani kuna mizizi ya Kichina iitwayo chai hu, dang gui na bai zhu, mzizi mweupe wa ua la piyoni, uyoga unaoota kwenye mizizi ya misonobari, mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irk sus, nanaa na tangawizi. Jina lake ni kama kusema kutembea kwa raha, huna linalokubana. Mwenye kontena ambalo halijaondoka atacheka kidogo akisikia hivyo.

Nilinunua chupa mbili za vidonge 200. Dozi ni vidonge 8 mara tatu kwa siku, vidogo vyeusi, utamu mbele na uchungu nyuma. Siku nne za kwanza sikuona kitu. Kufika wiki gesi ilipungua kweli, na choo kikaanza kuwa na saa yake. Ila niseme ukweli: wakati huohuo niliacha soda baridi na kahawa ya tumbo tupu, maana daktari alizikataza. Sasa sifa nimpe nani? Hasira zilishuka siku kiwanda kilipopakia mzigo, na hapo nilikuwa bado kwenye chupa ya kwanza.

Jambo moja lilinikera. Mimi natumia dawa ya presha, na ule mzizi mtamu unaweza kupandisha presha na kushusha potasiamu. Daktari aliuliza, akaniambia nipime kila siku. Duka la dawa niliponunua hawakuuliza chochote, walitaka malipo ya simu tu. Presha yangu haikupanda, lakini ningekuwa sikupitia kwa daktari ningejuaje? Na anayetumia dawa za kuyeyusha damu asiiguse bila kuuliza, kwa sababu ya dang gui.

Nimebakiwa na vidonge 16. Shoga yangu tuliyepanga naye chumba aliviomba, tumbo linamsumbua asubuhi. Nikamuuliza mara ya mwisho aliona siku zake lini. Akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikafunga chupa, nikairudisha begini.