Niliwalipa wakala wanipangie Tour du Mont Blanc: vitanda nilipata, begi nililisubiri

Nianze na walichofanya vizuri, maana hela yangu haikuliwa. Mimi na mdogo wangu tulitaka kuuzunguka mlima Mont Blanc kwa miguu mwezi Julai: kilomita kama 170, unatoka Ufaransa, unapita Italia na Uswisi, unarudi Ufaransa, usiku unalala kwenye vibanda vya milimani. Februari nilijaribu kuweka nafasi mwenyewe. Huyu anataka umwandikie baruapepe, yule anataka malipo ya awali, na ukikosa usiku mmoja wa katikati, ratiba nzima inavurugika. Baada ya jioni tatu nilikuwa na nafasi nne zisizofuatana. Nikasalimu amri, nikawalipa wakala. Wiki mbili hazijaisha wakaniletea vitanda vya usiku kumi, chakula cha jioni na kifungua kinywa humo humo. Hapo sina neno.

Tatizo lilikuwa begi. Ratiba ilisema mabegi makubwa yatasafirishwa "kila siku", sisi tutembee na mikoba midogo tu. Nikaamini. Kumbe gari linaishia penye barabara: Les Contamines, Courmayeur, Champex, sehemu kama hizo. Kibanda chetu cha usiku wa pili kiko juu ya mita 2,400, na barabara haifiki. Nilifika nimelowa chapachapa, nikavua buti mlangoni kama ilivyo ada, nikachukua kandambili za kibanda, nikaenda kuulizia begi langu. Mhudumu akacheka kidogo, si kwa ubaya, akanionyesha bonde kwa kidole.

Ndani ya begi hilo kulikuwa na shuka langu, lile la kushonwa kama mfuko. Kule blanketi unapewa, lakini kulala bila shuka lako hawakubali. Nikakodi. Nguo kavu nazo sikuwa nazo, kwa hiyo nilikunywa supu nimevaa koti la mdogo wangu, ambaye kwa umbo ndiye kaka; kila nikiinua kijiko, mkono wa koti unaingia kwenye bakuli. Begi nilikutana nalo Courmayeur, siku mbili baadaye.

Na Courmayeur ndipo nilipoikagua ratiba vizuri. Kesho yake tulitakiwa kulala La Fouly, upande wa Uswisi, "mwendo wa saa 6". Nikafungua ramani: kupitia vibanda vya Rifugio Bertone na Rifugio Bonatti, kisha kupanda Grand Col Ferret, njia ya juu ya mlima mpakani mwa Italia na Uswisi, yenye mita 2,537, ni zaidi ya kilomita 30. Saa 6 labda kwa mbuzi wa huko. Nilipowapigia, binti wa ofisini akasema, kwa upole kabisa, kwamba Bonatti ilijaa, hivyo hesabu yao ni tupande basi hadi Arnouvaz, mwisho wa bonde, ndipo tuanze kutembea. Wazo zuri sana! Ila kwenye karatasi neno basi halikuwepo hata mara moja. Tungeondoka alfajiri kwa miguu, jioni ingetukuta bado tuko mpakani, na chakula cha vibandani kina saa yake.

Tulipanda basi, siku ikawa nyepesi, La Fouly tukafika mchana. Kuanzia hapo hadi Chamonix sikuona kasoro. Hata faranga za Uswisi walitukumbusha mapema tuwe nazo mkononi.

Nawapa nyota tatu. Vitanda ningewaachia tena bila wasiwasi, ila kila siku ya ratiba yao ningeilinganisha na ramani kabla ya kulipa, na shuka na nguo kavu vingekaa mgongoni mwangu. Pesa ya usafiri wa begi kwa zile siku mbili wamenirudishia. Ya shuka la kukodi bado tunaandikiana.